Kopo la Peke Yake

Goma, Mabanga, 12 Februari 2017

Paulin, mdogo wangu,

Mwaka wa ishirini na moja umeanza tangu nitoke kilimani. Nauhesabu kutoka ile asubuhi ya Oktoba 1996 tuliposhuka na godoro moja na redio isiyo na betri. Godoro liliibwa kabla hatujafika barabara kubwa. Redio ninayo hadi leo, kwa sababu hakuna mwizi aliyeitaka.

Achille, dereva wa basi la Rutshuru, amenifikishia maneno yako: kwamba ukoo umekaa, kwamba nyumba ya bati imesimama pale ya baba ilipoungua, na kwamba anayekosekana ni mkubwa wa kuikalia. Nilimfanya Achille ayarudie. Aliudhika, akasema, «Muzee, miye niko dereva, siko katekista.» Lakini alirudia.

Nitakuja. Sina la kuuaga mji huu. Umejengwa juu ya mawe yaliyotapikwa na mlima, na unajisifu kama umeyachonga wenyewe. Kila baada ya miezi michache hunijia kijana wa shirika la misaada, mwenye kizibao cha mifuko mingi, ananiuliza mimi ni mhamishwa wa mwaka gani, kama mtu anayeuliza umri wa divai. Nikimjibu kwa Kifaransa kizuri kuliko chake, anakunja karatasi zake na kwenda kutafuta mhamishwa anayefanana zaidi na mhamishwa.

Nakumbuka vitu vidogo. Majani ya maharage yanavyonuka baada ya mvua. Sauti ya mama akifokea mbuzi kwa majina ya wakwe zake. Kaburi la mke wangu Laurence, tuliyemzika mwaka mmoja kabla ya kukimbia, na ile miyenzi, miti ya ua, niliyopanda kuzunguka nafasi mbili: yake na yangu. Nitazamie kama miyenzi bado iko. Nina miaka sabini na sita, sitaki kulala mahali ambapo jembe haliwezi kuingia.

Siku nitakayofika, mniwekee kasiksi, ile pombe ya ndizi za nyumbani, katika chungu, na ule mrija mmoja unaopita mkono hadi mkono. Unakumbuka baba hakumnyima mtu mrija, hata mtu aliyekuwa na kesi naye. Alimnyima mmoja tu, yule mlozi wa ng'ambo ya mto. Alimpa pombe yake katika kopo la peke yake, na sisi watoto tulielewa bila kuelezwa kwamba yule mtu si wa watu tena.

Nitakuja na Uwitonze, binti yangu. Ana cherehani, na cherehani inashona popote.

Kaka yako,
Damien Havugimana


Rutshuru, 27 Februari 2017

Yaya Damien,

Barua yako tuliisoma mbele ya wote. Dada yetu Eugénie alilia, halafu akaanza kupanga nani atapika. Miyenzi iko. Imekuwa mirefu kupita mutu, tutaikata.

Lakini kuna neno moja na ni lazima niliseme miye, kwa sababu wengine wanakuogopa kwa vile ulikuwa mwalimu wao. Ule mutoto abaki Goma.

Usikasirike mbele ya kumaliza kusoma. Miye sina chuki, miye niko na mukono. Mukono wangu wa kuume haukunjuki tangu siku ile, na kila asubuhi nikifunga shati ninamukumbuka Rutwitsi. Alikuja na watu wake, akafunga mulango kwa inje, akawasha manyasi. Miye nilipasua ukuta nikatoka. Baba hakutoka. Halafu miezi haikupita mingi, vita ikatufukuza wote, na pale barabarani ukamukuta yule mwanamuke aliyeibwa na Rutwitsi, amekufa, na mutoto wa Rutwitsi kifuani. Watu wote walimujua yule mwanamuke. Walikuambia: acha. Ukaokota. Mbele ya macho yangu, yaya, na bandeji yangu ilikuwa ingali na maji.

Umemulisha, umemusomesha, sawa. Lakini damu inangojea. Wewe mwenyewe ndiye ulinifundisha. Unakumbuka ile likizo ulileta kitabu cha koleji, kile cha ngome ya kwenye teluji, ukawa unakigeuza katika luga yetu tukichunga mbuzi? Mutoto wa munyongaji analelewa na bwana mukubwa, anapewa kitanda na maziwa, na mwisho anaonekana juu kwenye munara, mwenge mukononi, na ngome inaungua. Zaidi ya miaka hamusini sijasahau ule mwenge. Hata Wazungu walijua kwamba malezi ni rangi tu, mvua ikinyesha inatoka.

Nyumba hii ya pili ina bati lakini mbao ni mbao. Eugénie hatalala.

Njoo peke yako. Yeye ni mukubwa sasa, atajitegemea.

Mudogo wako,
Paulin Munyakazi


Goma, 8 Machi 2017

Paulin,

Nimemaliza kusoma kabla ya kukasirika, kama ulivyoomba. Kisha nikakasirika kwa nafasi yangu.

Kuhusu mkono wako sitasema neno. Baba alikuwa baba yangu pia. Nasema kuhusu kile kitabu, kwa sababu umekileta mezani kama shahidi, na shahidi wako hujawahi kumsikiliza hadi mwisho.

Nilikugeuzia sura baada ya sura mpaka pale kwenye mnara na mwenge, kisha likizo ikaisha, nikarudi koleji na kitabu. Hukuniuliza mwisho. Hukuuliza Krismasi iliyofuata, wala Pasaka. Zaidi ya miaka hamsini umejenga dini juu ya nusu ya riwaya! Nimefundisha wavivu wengi, lakini uvivu wako umezaa hadi sheria ya ukoo.

Basi sikiliza mwisho, umechelewa lakini hautozwi faini. Moto uliwashwa na mtoto wa bwana mwenyewe, yule wa damu nzuri, alipokuwa akichoma barua za madeni yake ya karata. Moto ukamzidi, akakimbilia mnarani, mlango ukamfungia. Binti wa mnyongaji alipanda kumfungulia. Alishika mwenge kwa sababu mnarani ni giza, Paulin. Mtu anayepanda ngazi gizani hushika mwanga. Watu wa chini walimwona, wakapiga kelele, «Damu! Damu!», na hakuna aliyeleta maji. Walikuwa wamengoja ule mwenge miaka kumi na saba. Hawakutaka kuharibiwa furaha yao.

Kuna jambo lingine ambalo sikukugeuzia, kwa sababu nilikuwa kijana na niliona halina maana. Katika ile ngome, binti alikuwa na sahani yake ya bati, iliyotobolewa tundu dogo ukingoni, ili watumishi wasiichanganye na za wengine. Yeye alidhani lile tundu ni pambo. Alijivunia. Ukurasa mmoja tu, na mwandishi akapita zake kwenda kueleza mwezi na popo. Nimerudia ukurasa huo mara nyingi kuliko yale mapopo yake yote.

Usidhani nakipenda kitabu. Ni kibaya. Mwandishi alimtengeneza yule binti kwa sukari: hasemi uongo, haibi hata tunda, anawaombea wanaomtemea mate. Kwake mtoto wa mnyongaji lazima awe malaika ndipo tumwonee huruma. Angekuwa na hasira kidogo, basi ngome ingekuwa na haki. Huo ni upumbavu uleule wako, umevaa nguo za kanisani. Uwitonze si malaika. Anawadanganya wateja kwamba kitambaa kimetoka Dubai wakati kimetoka Birere, hapa hapa mjini. Amewahi kumtukana motari, dereva wa pikipiki, aliyemrushia tope, matusi ambayo mimi sikumfundisha, nadhani ni jirani yetu Katungu. Anapika vibaya, na ukisema anakwambia upike wewe. Hakuna hata moja kati ya hayo alilorithi kwa Rutwitsi. Ni Mabanga tupu.

Sasa nakupa njia, ingawa hustahili. Uwitonze anapanda Rutshuru katikati ya mwezi huu kuuza mashati ya shule. Nitamwambia apite kilimani awasalimie na aangalie nyumba. Hajui chochote cha barua hizi. Anajua mama yake alifia njiani na mimi nikamchukua. Jina la yule mwanamume sikumpa, kwa sababu halimsaidii kushona. Usimtajie. Mpokeeni kama mtoto wangu. Mkifanya hivyo, nitakuwa kwenu kabla ya Pasaka, na ule mkono wako nitaufungia vifungo vya shati mwenyewe kila asubuhi.

Damien


Rutshuru, kilimani, 19 Machi 2017

Papa,

Shikamoo. Nimefika na sijatekwa nyara barabarani, kwa hiyo mwambie mama Katungu aache kufunga, ale.

Papa, watu wako! Nilidhani nitakuta wazee wamenuna, nimekuta heshima ambayo sijaiona hata kwenye harusi ya mbunge. Nimepewa ile nyumba mpya nilale peke yangu, ilhali wao wote wamejibana kwa shangazi Eugénie. Nimesema hapana, nitalala na watoto, wakakataa kabisa. Mlango hauna komeo kwa ndani, lakini papa mdogo Paulin amenituliza, amesema lipo kwa nje na atalifunga mwenyewe ili nilale bila wasiwasi.

Na usikie hili. Jioni alikuja yeye mwenyewe, na ule mkono wake mbovu, kuniwashia taa. Nikamwambia, «Papa mdogo, niachie kibiriti tu, nitajiwashia.» Akasema, «Hapana, mugeni hafanyi kazi.» Akawasha, akatia kibiriti mfukoni, akaondoka nacho. Asubuhi nikataka kuchemsha maji, shangazi akanikimbilia kutoka shambani: «Acha! Acha, miye nitawasha!» Kwetu Mabanga ukikaa ungoje mtu akuwashie jiko utakufa na njaa. Hapa sijagusa moto tangu nifike. Nitarudi mvivu, usinilaumu.

Leo Jumapili baada ya misa walileta kasiksi kwa ajili yangu. Chungu kikubwa, wazee wote wamezunguka, na mrija ni mmoja, Papa, mmoja! Unatoka kinywa hiki unaingia kile. Nikacheka moyoni, nikasema hawa hawajasikia habari ya kolera. Lakini mimi walinifikiria: papa mdogo alikuwa ameninunulia kopo la peke yangu, jekundu, la plastiki, jipya kabisa, bei bado imebandikwa. Akanichotea mwenyewe. Nikajiona balozi.

Kisha nikafanya mchezo. Nikanyoosha mkono kwenye mrija, nikasema, «Na mimi nionje kwa mtindo wa kikwenu.» Shangazi Eugénie akauvuta haraka mpaka pombe ikamwagikia blauzi yake. Wazee wakainamia chungu. Nikadhani nimevunja mwiko wa wanawake. Shangazi akasema, «Hii ni chungu, mama, si ya watoto wa mujini,» na papa mdogo akacheka kwanza, halafu wote wakacheka. Nami nikacheka. Blauzi yake nikamfulia, nikaona imechakaa makwapani, nikampima. Nitamshonea mbili.

Nimeenda kaburini kwa mama Laurence. Wamekata miyenzi vizuri. Nafasi yako iko, nimeipalilia. Papa, huku kunafaa. Hewa haina majivu. Nitaweka cherehani chini ya dirisha la upande wa barabara, nimeshapima, inaingia. Nimeomba nirudi na kopo langu kama ukumbusho, wamekubali haraka sana.

Mtoto wako,
Uwitonze


Rutshuru, 22 Machi 2017

Yaya Damien,

Ulinipa mutihani na nimeushinda. Ule mutoto ameondoka leo na Achille. Muulize mwenyewe kama kuna mutu alimusemea neno baya. Hakuna! Jina la Rutwitsi halikutoka kinywani mwangu, na niliwaambia wengine: atakayelitaja atanijua.

Nilimupa nyumba mupya. Nilimuwashia taa kwa mukono huu. Nilimununulia kopo, sikumupa lililopasuka, nilienda mpaka senta kununua jipya, muda wa kulima. Mutu mwingine angemupa kibuyu. Ni mutoto mwenye adabu, sitakuficha. Alimufulia Eugénie. Alinifungia kifungo cha shati bila kuombwa, na mbele sijafikiri nilikuwa nimemuachia.

Lakini adabu ni adabu. Ile usiku yote sikulala, nilikaa inje nikitazama madirisha. Eugénie pia. Hakuna kilichotokea, sawa. Hata kule kwenye kitabu chako, miaka kumi na saba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo njoo sasa, neno limekwisha. Yeye atakuwa anakuja siku za sikukuu, tutamupokea vilevile kama safari hii, hatutapunguza. Aliomba kuondoka na lile kopo. Nilimuachia. Na kusema kweli, hapa hakuna mwingine angelinywea.

Chungu cha Pasaka tumeshachagua ndizi.

Mudogo wako,
Paulin


Goma, Mabanga, 1 Aprili 2017

Papa mdogo Paulin,

Shikamoo kwako na kwa shangazi Eugénie. Nilitaka kushukuru mapema lakini sare za shule zilinizidi.

Asante kwa kila kitu na hasa kwa kopo. Nilitaka niweke ndani vifungo vyangu vikubwa, lakini Papa amelichukua, analinywea chai. Siku hizi hanywi kwa kingine. Tangu nimpe barua yako ni maswali tu. Ameniuliza mara tatu habari ya kibiriti, kila mara kama hajawahi kuuliza, na habari ya komeo la mlango, na nani alivuta mrija. Nikamwambia, «Papa, si nilikuandikia?» Akasema, «Uliandika vizuri mno.»

Papa mdogo, kama nilikosea jambo kilimani, niambie wewe, maana yeye haniambii. Mimi nimekulia mjini, mila nyingi zinanipita pembeni. Kama mrija hauguswi na msichana, mniwie radhi, sikujua. Mkinifundisha nitashika, mimi si mgumu wa kufundishwa.

Blauzi ya kwanza ya shangazi imekwisha. Ya pili nimekata kitambaa. Mwambie asinenepe kabla ya Pasaka.

Mtoto wenu,
Uwitonze


Goma, Mabanga, 6 Aprili 2017

Paulin,

Umepata barua ya Uwitonze ya tarehe moja. Alipoiandika alikuwa hajui. Sasa anajua. Hukuwa na ujasiri wa kumjibu alichokuuliza, kwa hiyo nimemjibu mimi.

Unaniambia umeshinda mtihani. Nilisahihisha karatasi za watoto miaka thelathini na tano na sijawahi kuona mwanafunzi anayekosa swali kwa juhudi kama yako. Ulitembea hadi senta, na muda wa kulima, ili ununue tusi jipya, lisilopasuka, lenye bei yake. Baba alipompa yule mlozi kopo, angalau alimtazama usoni, na mlozi alijua amepewa nini. Wewe ulimpa mtoto asiyejua, ukamwacha ashukuru, ukamwacha acheke pamoja nanyi, kisha ukaja kuniandikia kuhusu adabu. Ukamfungia mlango kwa nje! Paulin, kufunga mlango kwa nje, na mtu amelala ndani, katika nyumba ya mbao, pale palepale: nani alikufundisha hilo? Kilimani kwetu namfahamu mtu mmoja tu aliyefanya hivyo kabla yako, na hakuacha damu yake kwako.

Rudia sentensi hiyo polepole. Sitaandika nyingine iliyo wazi zaidi.

Nilimweleza juzi, mchana, cherehani ikiwa imesimama. Nilimweleza mrija ni nini na kopo ni nini. Nilimweleza kibiriti. Kisha nikamtajia Rutwitsi, na baba, na mkono wako, kwa sababu huwezi kumpa mtu tusi bila kumpa sababu yake, hata kama sababu ni ya kijinga. Hakulia. Hakuwaombea pia, ujue. Yeye si wa sukari. Kwanza alisema tusi moja la Katungu, refu. Kisha akauliza, «Kwa hiyo hawakuwa wanaogopa kolera.» Nikasema hapana. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitazamia.

Akauliza, «Na wewe, ulininywesha kwa kopo gani?»

Nilimwambia ukweli. Wakati ule tulilala karibu na ziwa dogo la Lac Vert chini ya kipande cha plastiki, na kitu pekee cha kunywea nilichokuwa nacho kilikuwa kifuniko cha chupa ya chai ya Laurence. Nilichemsha uji, nikaonja kwanza ili nijue kama unaunguza, kisha yeye, kisha mimi. Hatukuwa na cha pili. Sikufanya tendo kubwa. Kama ningekuwa na vikombe viwili, pengine ningempa chake, ni mtoto, ana makamasi. Hayo yote ya malezi na damu ambayo wewe unayatafuta kwenye ngome na minara, kwetu yalikuwa kifuniko kimoja na mtu anayeonja kwanza. Hakuna aliyeingoja damu yake. Tulikuwa na njaa.

Alisikiliza, akainuka, akalitia chai lile kopo jekundu, akanywa nusu, akanisukumia. Akasema, «Kunywa, Papa, inapoa.» Akarudi kwenye cherehani.

Katika furushi hili, ambalo Achille ameahidi kutolikalia, mtakuta blauzi mbili za Eugénie. Nilimkataza asizitume. Akaniambia, «Nimeshampima na kitambaa kimeshakatwa, nitamvalisha nani? Lakini mwambie ya tatu ni bei ya mjini.» Mwambie Eugénie avae bila hofu. Hakuna moto ndani.

Kuhusu nyumba: kaeni nyinyi, ina bati nzuri na mmeijenga kwa jasho. Ukubwa wa ukoo uchukue, kwa muda wote huu umekuwa ukiufanyia mazoezi. Miyenzi msiikate mara kwa mara, inapenda kuachwa. Kuhusu nafasi ya kushoto kwa Laurence, nimewaza sana, siku nne, na sikuwaza kwa hasira. Laurence nilimpenda. Nitaikosa ile nafasi kuliko ninavyoweza kukuandikia wewe. Lakini pale pembeni yake pangekuwa na mwiko, kwamba mtoto atakayenifumba macho nikifa, akija kunitembelea, atapewa kopo. Siwezi kulala kando ya chungu ambacho yeye haruhusiwi kukinywea. Pandeni maharage pale. Ardhi ile inazaa.

Hapa Mabanga mawe ni magumu. Katungu anasema kule makaburini wanachimba kwa nyundo na mtaimbo, na vijana wa kazi hiyo wanatukana tangu asubuhi mpaka maiti afike. Ni sawa. Nimeshazoea matusi ya huku; yanamtazama mtu usoni.

Msiniwekee chungu cha Pasaka. Sitarudi.

Damien Havugimana